Vinara wa Kromosomu Kanda ya Ziwa

Ukiihesabu mifugo ya boma la Misungwi kwa kromosomu badala ya kilo, kuku anaongoza. Kila seli yake ina kromosomu 78, na nyingi ni ndogo mno hata chini ya darubini huonekana kama chembe za vumbi. Ng'ombe na mbuzi wana 60, kondoo 54, sato wa vizimbani 44. Nguruwe anashika mkia kwa 38. Mwenye boma mwenyewe ana 46.

Kuku ana taji la pili: mwaka 2004 alitangulia mifugo yote kusomwa ramani ya jeni zake. Ng'ombe akafuata 2009, kupitia jike wa Kimarekani wa aina ya Hereford aitwaye Dominette, aliyeonyesha jeni zipatazo 22,000.

Lakini kwangu mimi, kromosomu yenye historia tamu kuliko zote ni Y ya fahali. Y ya ng'ombe wa nundu ina kiuno chake, pale inapobanika, nchani kabisa. Ya ng'ombe asiye na nundu, kiuno kimesogea kuelekea kati. Y hurithiwa kwa baba tu. Sasa, mafahali wengi wa Afrika Mashariki wana Y ya nundu, yenye asili ya Asia, ilhali DNA inayorithiwa kwa mama ni ya ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu. Madume yaliletwa kutoka ng'ambo, yakawakuta majike hapa. Fahali wa Kisukuma anapopita barabarani, safari hiyo yote imo mwilini mwake.

Na kilichosumbua kupachikwa kwenye ramani? Ustahimilivu wa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Ng'ombe aina ya N'Dama wa Afrika Magharibi anaustahimili. Boran wetu hudhoofu. Watafiti wa Nairobi waliwazalisha pamoja, wakapima wajukuu 177, na mwaka 2003 wakatangaza matokeo: hakuna jeni moja ya kuikimbilia. Dalili zilitawanyika kwenye jozi 18 za kromosomu kati ya 29 walizozipekua.

Kwa mfugaji anayeswaga ng'ombe kuelekea mapori yenye mbung'o, habari kubwa ilikuwa nyingine: baadhi ya vipande vya ustahimilivu vilitoka kwa Boran, yule aliyedhaniwa dhaifu. Wakaona kwamba uzao wa wawili hao, ukichaguliwa vizuri, ungeweza kustahimili nagana kuliko hata N'Dama mwenyewe.