Umeacha ugali na mkate, mbona uzito umegoma kushuka?

Siku hizi si ajabu kumkuta mtu katika karamu ya ubatizo au ya kipaimara akiupita wali bila kuugusa, akachukua nyama, samaki na kachumbari, kisha akaketi. Ukimwuliza, atakuambia yuko kwenye mlo wa watu wa kale, ule unaoitwa paleo. Miezi miwili ya kwanza atakuwa na furaha, kwa sababu nguo zinamlegea. Baadaye furaha hupungua. Mizani inasimama mahali pamoja wiki baada ya wiki, naye anaanza kujiuliza amekosea wapi.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 46, mwenye urefu wa sentimita 160. Alianza akiwa na kilo 92 na shinikizo la damu. Katika miezi mitatu alifika kilo 84. Tangu hapo zimepita wiki sita, na mizani haijasogea. Sasa anafikiria kuacha kabisa chakula cha jioni, na jirani amemletea majani ya chai ya kupunguza tumbo. Kabla hajafanya lolote kati ya hayo, na tukae naye tuchunguze jambo moja baada ya jingine.

MLO WENYEWE NI UPI?

Wazo la kula kama wawindaji wa zamani lilienezwa na daktari wa Marekani, Walter Voegtlin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975. Mwaka 2002 Loren Cordain, naye wa Marekani, alitoa kitabu kilicholifanya jina la paleo lijulikane duniani. Kwa kifupi, mfuasi wa mlo huu huacha nafaka zote, maharage na jamii ya kunde, maziwa, sukari na vyakula vya viwandani. Hula nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, korosho na lozi. Wengine huongeza viazi vitamu na mizizi mingine.

Kuna faida hapo. Anayeacha soda, maandazi, biskuti na chipsi ameondoa vitu vingi vinavyonenepesha. Lakini orodha ya vyakula vinavyoruhusiwa haisemi mtu ale kiasi gani, na hapo ndipo wengi hukwama.

KWANZA, JE, UZITO UMESIMAMA KWELI?

Uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku chache bila mafuta ya mwili kubadilika. Chakula chenye chumvi nyingi huzuia maji mwilini. Akina mama wengi huongezeka kidogo siku zinazokaribia hedhi. Choo kigumu nacho huonekana kwenye mizani. Kwa hiyo usihukumu kwa siku moja. Pima mara moja au mbili kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi, kwa mizani ile ile. Ukiona hakuna mabadiliko kwa wiki nne hivi, hapo unaweza kusema umesimama.

Pima pia kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kiuno kikipungua huku mizani imesimama, mafuta ya tumboni yanapungua, nawe hujashindwa.

KILO ZA MWANZO HAZIKUWA MAFUTA MATUPU

Mama yetu alipungua kilo tatu katika wiki mbili za kwanza, naye akadhani mwendo utakuwa huo huo hadi mwisho. Sivyo. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Mtu anapoacha ghafla ugali, wali na mkate, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana mwanzo huwa wa kasi. Baada ya hapo yanabaki mafuta yenyewe, nayo huondoka polepole. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na hata robo kilo si haba.

MWILI ULIOPUNGUA UNAHITAJI KIDOGO ZAIDI

Gari dogo halitumii mafuta sawa na lori. Mwili wa kilo 84 hauhitaji chakula sawa na wa kilo 92, ukiwa umelala au ukipanda mlima. Tena mwili una hila zake. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba waliopungua sehemu moja ya kumi ya uzito wao au zaidi walitumia nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao mpya. Njaa nayo huongezeka. Mwili hujitetea kana kwamba kuna ukame.

Basi chakula kilichompunguza mwezi wa kwanza, mwezi wa nne kinatosha tu kumweka pale alipo. Hakuna aliyemroga, na mwili wake haujaharibika.

VINARUHUSIWA, LAKINI VINA UZITO WAKE

Tulipomwomba mama aandike kila alichokitia kinywani kwa siku tatu, aliona vigumu kuamini. Hakuvunja sharti lolote la mlo wake. Lakini angalia hesabu ya siku moja:

Asali katika chai ya rangi, mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, kijiko kikubwa kila mara: kalori 250 hivi.

Korosho za kutafuna akiwa kazini, viganja vitatu, yaani gramu 90: kalori 500 hivi.

Mafuta ya kukaangia mayai na mboga, yaliyomiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa, vijiko vikubwa viwili zaidi ya alivyodhani: kalori 240 hivi.

Jumla inakaribia kalori 1,000. Hiyo ni sawa na nguvu iliyomo katika zaidi ya robo kilo ya unga wa sembe. Mama aliufukuza ugali kwa mlango wa mbele, ukarudi kwa mlango wa nyuma umevaa nguo nyingine. Wala hatujahesabu parachichi zima la mchana, ambalo likiwa kubwa hufika kalori 300, wala tui zito la samaki.

Sababu ni hii: gramu moja ya wanga ina kalori nne, na ya protini vilevile, lakini gramu moja ya mafuta ina tisa. Korosho, nazi, parachichi na nyama yenye mafuta ni vyakula vizuri, ila haba na haba hujaza kibaba. Karanga nazo, ambazo wengi huzitafuna wakidhani zimo katika mlo huu, kwa kweli ni jamii ya kunde, na zina mafuta kama korosho.

Usione haya ukigundua umekuwa ukijidanganya. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliwapima watu wanene waliosema wanakula kidogo sana na hawapungui. Kwa wastani walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichotaja, na mazoezi waliyafanya machache kuliko walivyosema. Wengi hawakuwa waongo. Jicho na kumbukumbu ni vipimo vibovu, na kijiko ndicho kipimo.

JE, NIKITEMBEA ZAIDI?

Wapo wanaosema wawindaji walikuwa wembamba kwa kuwa walikimbia kutwa. Hapa Tanzania tunao ndugu zetu Wahadzabe, kando ya Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao bado huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Hula nyama, asali, mizizi, ubuyu na matunda ya porini. Watafiti walipima nguvu inayotumiwa na miili yao, wakatangaza matokeo mwaka 2012. Wanaume walitembea zaidi ya kilometa 11 kwa siku na wanawake karibu kilometa sita. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya.

Fundisho si kwamba tukae tu. Kutembea kunaimarisha moyo, kunashusha sukari na shinikizo la damu, na kunalinda misuli ya anayepungua. Lakini usitegemee mwendo wa nusu saa ufute viganja vitatu vya korosho. Na kumbuka kwamba asali ya Mhadzabe iko juu ya mti wenye nyuki. Ya kwetu iko kabatini.

MAMBO MENGINE YA KUCHUNGUZA

Siku za sherehe. Mtu hujibana tangu Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi kuna send-off na Jumapili kuna komunyo ya kwanza. Bia moja ya nusu lita ina kalori 200 hivi. Bia tatu na nyama ya kukaanga zinaweza kurudisha kilichopungua wiki nzima.

Usingizi. Anayelala saa nne au tano tu usiku huamka na njaa kubwa na hamu ya vitu vitamu.

Dawa. Prednisolone, insulini, baadhi ya dawa za kisukari, za kifafa na za magonjwa ya akili huweza kuongeza uzito. Baadhi ya watu wanaotumia dolutegravir kwa ajili ya virusi vya UKIMWI nao huongezeka. Usiache dawa hata moja kwa sababu ya mizani. Mweleze daktari.

Ugonjwa. Ukisikia baridi kuliko wenzako, uchovu usioisha, choo kigumu na ngozi kavu, tezi ya shingo huenda haifanyi kazi vizuri. Kipimo cha damu kitaonyesha. Hedhi inayoruka miezi pamoja na ndevu kidevuni kwa mwanamke ni sababu nyingine ya kumwona daktari.

WENYE KISUKARI, TAHADHARI

Hili ni la hatari kuliko mizani. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide, akipunguza wanga ghafla bila kubadilishiwa dawa, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa kali, kizunguzungu na kuchanganyikiwa. Apewe mara moja maji ya sukari au soda yenye sukari kama bado anaweza kumeza, kisha apelekwe hospitali. Dawa za shinikizo la damu nazo huenda zikahitaji kupunguzwa mtu akipungua. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye ugonjwa wa figo wasianze mlo wa namna hii bila ushauri wa mtaalamu.

MAMA ALIFANYA NINI?

Hakuacha chakula cha jioni, kwa maana angeshinda na njaa usiku na kulipa kisasi kesho yake. Majani ya jirani aliyaacha pia. Chai nyingi za namna hiyo huharisha tu, na kinachotoka ni maji.

Alibadilisha mambo matatu tu. Asali ilibaki kijiko kidogo kimoja kwa siku. Korosho zilipimwa kiganja kimoja asubuhi, na mfuko ukabaki nyumbani. Mafuta ya sufuria yalipimwa kwa kijiko. Mahali pa vilivyoondoka aliongeza mchicha, matembele, kabichi na samaki wa kuchemsha, ambavyo hujaza tumbo kwa kalori chache. Kwa kuwa hanywi maziwa, alirudisha dagaa wanaoliwa na mifupa yao ili apate madini ya chokaa. Baada ya wiki nne alikuwa na kilo 82 na nusu, na kiuno kilipungua sentimita mbili.

Kisha akauliza swali ambalo familia nyingi huliuliza: ni lazima nipike sufuria mbili maisha yangu yote? Hapana. Katika utafiti wa Sweden uliotangazwa mwaka 2014, wanawake waliokoma hedhi walifuata mlo wa paleo, na wenzao walifuata mlo wa kawaida wa afya. Baada ya miezi sita wa paleo walikuwa wamepunguza mafuta zaidi, lakini baada ya miaka miwili tofauti hiyo haikuonekana tena. Ugali wa ukubwa wa ngumi, maharage bila mafuta mengi na nusu sahani ya mboga si adui wa mtu. Ni chakula unachoweza kukila pamoja na watoto wako mwaka huu na mwaka ujao, na maharage ni nafuu kuliko nyama.

Mwisho, mama huyu ameshapungua zaidi ya kilo tisa kati ya 92, yaani karibu sehemu moja ya kumi. Kiasi hicho tu mara nyingi hushusha shinikizo la damu na sukari, hata kama bado si mwembamba. Kubaki pale ulipofika, bila kurudi nyuma, nako ni ushindi. Basi mizani ikigoma, usiivunje wala usijinyime chakula. Chukua daftari na kijiko, andika siku tatu, rekebisha jambo moja au mawili, na subiri mwezi mmoja. Isiposogea hata hapo, nenda kituo cha afya na daftari lako mkononi.