Nyumba ya Magurudumu na Gari la Kuivuta



Katika siku za babu zetu, msafara ulipojiandaa kuondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mizigo ilipimwa kwanza. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 au 70, yaani kilo 30 hivi. Mwenye msafara aliyepuuza kipimo hicho alijitafutia taabu, maana mpagazi aliyelemewa hubaki nyuma, na mzigo wake hubaki pamoja naye. Watu husema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Lakini hata Mnyamwezi alikuwa na kipimo chake.

Leo nataka kuwaeleza habari za msafara wa namna nyingine. Waajemi wana neno karwan, maana yake kundi la wasafiri. Neno hilo liliingia katika lugha za Ulaya, na Waingereza wakalitumia hata kwa misafara yetu ya bara. Baadaye wakalipa maana ya pili, nayo ni nyumba ndogo iliyojengwa juu ya magurudumu. Mwaka 1885 Gordon Stables, aliyekuwa tabibu katika manowari za Uingereza, alijengewa nyumba ya namna hiyo mjini Bristol, akaiita Wanderer. Akasafiri nayo kutoka kusini ya Uingereza mpaka Scotland, ikivutwa na farasi wawili. Hakwenda kwa biashara. Alitaka kupumzika na kuona nchi. Motokaa zilipoenea, farasi wakaachwa, na nyumba hizo zikaanza kuvutwa na magari. Sisi tutaziita karavani.

Nchi moja inayofaa sana kwa safari hizo ni Australia. Huko iko barabara iitwayo Barabara Kuu ya Kwanza, ambayo huizunguka nchi karibu yote, na urefu wake ni kilomita 14,500 hivi. Wazee wengi waliostaafu hufunga karavani nyuma ya gari, wakazunguka miezi mingi, na wengine mwaka mzima. Wenyeji huwaita kwa mzaha wahamaji wenye mvi. Kati ya Mei na Septemba wengi wao huelekea kaskazini kukimbia baridi ya kusini. Kisha hurudi kabla ya majira ya tufani, ambayo huanza Novemba hata Aprili.

Safari hiyo si mchezo. Katika uwanda wa Nullarbor, kati ya Balladonia na Caiguna, barabara yanyoka kilomita 146 pasipo kona hata moja. Huko kaskazini malori huvuta matela kadhaa pamoja, na urefu wake wote waweza kufika meta 53 na nusu. Yapitapo, upepo wake huisukuma karavani kama mkono wa mtu. Tena iko njia ya Gibb River, yenye urefu wa kilomita 660, ambayo sehemu yake kubwa ni ya kokoto na mawimbi ya udongo yanayotikisa kila msumari. Mtu akiharibikiwa mahali kama hapo, fundi yu mbali, na maji yu nayo yale aliyoyachukua tu.

Sasa sikilizeni kosa la wengi. Mume na mke wamefanya kazi miaka 40, wamepata akiba yao. Waingia katika duka la karavani, waona kitanda kizuri, jiko, bafu, hata mashine ya kufulia nguo. Macho yakipenda, mkono hutoa fedha. Kisha ndipo wanapotafuta gari la kuivuta, au hujiambia kwamba gari walilo nalo litatosha. Huko ni kumnunulia punda shehena kabla ya kumwona punda mwenyewe. Yafaa mtu ayachague yote mawili pamoja, na aanze kwa hesabu ya uzito.

Kila karavani huko ina kibati cha chuma kilichoandikwa uzito wake. Kwanza huandikwa uzito wa karavani tupu, kama ilivyotoka kiwandani. Pili huandikwa uzito wa mwisho, yaani karavani pamoja na kila kitu kilichomo, ambao haipaswi kuupita. Tofauti ya hizo mbili ndiyo ruhusa ya mizigo. Tuseme karavani tupu ni kilo 2,300, na mwisho wake ni kilo 2,700. Ruhusa ni kilo 400. Mtu husema, hizo ni nyingi! Lakini lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Matangi mawili ya lita 95 yakijazwa, kilo 190 zimekwisha. Mitungi miwili ya gesi ya kupikia, pamoja na chuma chake, ni kilo 35 hivi. Zimebaki kilo 175 kwa matandiko, nguo, vyakula, vyombo, viti, meza, turubai na zana za watu wawili kwa muda wa miezi mingi. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hauulizi ukubwa wa kitanda kabla ya kuuliza ruhusa ya mizigo.

Gari nalo lina hesabu zake. Uko uzito ambao gari laweza kuuvuta. Uko uzito wa mwisho wa gari lenyewe likiwa na watu na vitu. Na uko uzito wa mwisho wa gari na karavani vikiunganishwa. Muuzaji hupenda kuutaja ule wa kwanza tu, kwa sababu ndio mkubwa wa kupendeza. Tufanye hesabu. Tuseme gari tupu, pamoja na mafuta yake, lina kilo 2,200. Laruhusiwa kuvuta kilo 3,500. Lakini gari na karavani pamoja visizidi kilo 6,000. Ukifunga karavani ya kilo 3,500 kamili, zimebaki 2,500 kwa gari. Toa 2,200 za gari tupu, zimebaki 300. Mume na mke ni kilo 160. Chuma cha kukinga mbele na kifungio cha kuvutia nyuma ni kilo 90. Zimebaki kilo 50, na bado hujapakia zana, wala gurudumu la akiba la pili, wala mjukuu. Gari halikudanganya, na muuzaji hakusema uongo. Ila mnunuzi aliisoma tarakimu moja akaziacha nyingine.

Iko tena hesabu iliyojificha, nayo ndiyo yenye kuokoa roho za watu. Karavani hukaa juu ya magurudumu yake, lakini sehemu ya uzito wake huliegemea gari pale panapofungwa. Katika Australia desturi ni kwamba uzito huo wa mbele uwe karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wa karavani. Karavani ya kilo 2,700 basi itaweka kilo 270 juu ya nyuma ya gari, na kilo hizo huhesabiwa kuwa mzigo wa gari. Uzito huo ukizidi mno, nyuma ya gari hudidimia, na magurudumu ya mbele huwa mepesi, hata usukani usishike vema. Ukipungua mno, hatari ni kubwa zaidi.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili kwa mkokoteni. Pakieni mawe nyuma ya magurudumu, nanyi mtaona mipini ikiinuka juu, na mkokoteni ukimtawala mtu badala ya mtu kuutawala. Karavani iliyopakiwa vibaya hufanya vivyo hivyo: mkia wake huanza kuyumba, kushoto na kulia, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo kuyumba kunavyozidi, hata karavani ikaliburura gari na vyote viwili vikapinduka. Upepo, au lori linalopita, waweza kuanzisha mambo hayo kwa dakika moja. Dereva akiona hivyo asikanyage breki ya gari kwa nguvu, wala asizungushe usukani huku na huku. Na aondoe mguu katika mafuta, aushike usukani sawasawa, na kama karavani ina breki za umeme zinazoshikwa kwa mkono, atie hizo peke yake, taratibu.

Dawa bora ni kupakia vema. Vitu vizito viwekwe chini sakafuni, karibu na ekseli. Vyepesi viwekwe juu. Na mwisho wa nyuma usirundikiwe baiskeli na masanduku ya zana. Sheria nayo imesaidia. Katika Australia tela lenye uzito wa kilo 750 au pungufu laweza kuwa bila breki; likizidi hapo lazima liwe nazo; likizidi kilo 2,000 lazima magurudumu yote yawe na breki, pamoja na chombo cha kulisimamisha lenyewe likikatika njiani.

Basi achague gari gani? Na litafutwe gari lililo zito lenyewe, ili mvutwa asimshinde mvutaji. Liwe na nafasi ndefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kifungio kisiwe mbali sana na magurudumu ya nyuma. Injini ya dizeli hupendwa kwa sababu huvuta kwa nguvu hata ikienda polepole, kama ng'ombe mlimani. Mwenye kukusudia njia za kokoto na mchanga atahitaji gari ambalo magurudumu yake yote manne huvuta. Mwenye kukaa katika lami hana lazima.

Na karavani gani? Ndogo kuliko ile uliyoitamani. Karavani ndefu na ya kimo hupigwa na upepo na kula mafuta. Ile ambayo paa lake hushushwa wakati wa kwenda hupita hewani kwa urahisi zaidi. Karavani iliyojengwa kwa lami itavunjika katika njia ya mawimbi, na ile iliyojengwa imara kwa njia mbaya huwa nzito zaidi. Kwa hiyo mtu aamue kwanza atakwenda wapi. Tena asijaze kipimo mpaka juu. Aache nafasi, kwa kuwa safari ndefu huongeza mizigo siku kwa siku, wala haipunguzi.

Mwisho, akisha kupakia kila kitu, pamoja na maji, mafuta na mkewe, aende katika mizani ya magari akapime kabla ya kuondoka. Mizani haijui kubembeleza. Yeye akizidisha uzito na kupata ajali, yaweza kuwa kampuni ya bima itakataa kumlipa. Lakini hasara ya fedha ndiyo ndogo katika hasara zote. Barabara ile ina watu wengine pia, na watoto wao.

Watu husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Katika kulima huenda ni kweli. Katika kuvuta, mchaguzi ndiye msafiri. Ninyi msio na karavani mna mikokoteni, mna matela ya kuvutwa na ng'ombe, na mna mabasi mnayopanda yakiwa na magunia juu ya paa. Sheria ya uzito ni moja, Australia na hapa. Siku moja mkiona mzigo mwingi umerundikwa nyuma na juu, msinyamaze. Mwambieni mwenye gari habari za mkokoteni ule na mipini yake iliyoinuka.