Mti Mrefu, Shamba Lililolala na Panya Asiye na Sumu

Mvua za kwanza zikianguka Iramba na Mkalama, mkoani Singida, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, kumbikumbi hutoka ardhini makundi kwa makundi, na anga la juu ya mashamba hujaa ndege wawindaji. Wengi wao ni wageni. Kozi wa Amur, ndege asiyefikisha gramu 200, huwa ametoka kaskazini-mashariki mwa Asia, akapitia India na kuikata Bahari ya Hindi bila mahali pa kutua. Tai wa nyika za Urusi na Kazakhstan, ambaye kwao huwinda kindi wa ardhini, huku hutembea kwa miguu akiokota kumbikumbi kama kuku. Ndege hawa hufuata mvua. Ikinyesha juu ya shamba la alizeti, watashuka kwenye shamba hilo la alizeti.

Nimeanza na wageni hao kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba tai, kozi na tumbusi ni mali ya hifadhi. Singida ina hifadhi kubwa upande wa kusini: Rungwa, Kizigo na Muhesi. Lakini jozi moja ya tai mkubwa wa Afrika, yule ambaye wanasayansi humwita Polemaetus bellicosus, huweza kuhitaji zaidi ya kilomita za mraba 100 ili ilee kinda mmoja. Tumbusi mgongo-mweupe huweza kuzunguka zaidi ya kilomita 100 kwa siku moja akitafuta mzoga. Mkoa huu uko kati ya Serengeti kwa kaskazini na Ruaha kwa kusini, na eneo kubwa la katikati ni mashamba, malisho na vijiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulipitia aina 42 za ndege wawindaji wa Afrika na kukuta kwamba 37 kati yake zimepungua katika kipindi cha miaka 20 hadi 40. Aina kubwa ndizo zilizopungua zaidi, na pengo kati yake na aina ndogo lilikuwa pana zaidi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa. Kwa hiyo hatima ya ndege hawa iko zaidi mikononi mwa mkulima na mfugaji kuliko mikononi mwa askari wa wanyamapori.

Ndege mwindaji anahitaji nini basi shambani? Kwanza, mti mrefu. Tai hujenga tago kubwa la vijiti kwenye mbuyu au mgunga mkubwa, na hulirudia na kuliongeza mwaka hadi mwaka. Mti wa namna hiyo ukikatwa kwa ajili ya mkaa, mche uliopandwa leo huenda usiweze kubeba tago la tai katika maisha ya aliyeupanda. Wengine hutegemea makazi ya wenzao. Kozi hajengi kabisa. Hutaga kwenye rafu za mawe makubwa ya Singida, au hupanga katika tago la kunguru lililoachwa. Bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo, hutaga kwenye tundu la mti, darini, au ndani ya lile tago kubwa la fundichuma. Ndiyo maana mti mmoja mzee wenye matundu, ambao mwenye shamba anauona umechoka, huwa na kazi kubwa kuliko miti kumi michanga.

Pili, ndege anahitaji mahali pa kuona. Alizeti ikishafunga shamba, panya aliye chini yake amejificha kama yumo ndani ya nyumba. Mtazame kipanga mdogo wa kijivu na mweupe, mwenye mabega meusi na macho mekundu, anayening'inia angani akipigapiga mabawa pasipo kusogea. Mara nyingi utamkuta juu ya kingo za shamba, kando ya njia, au juu ya konde lililoachwa lipumzike. Hapo nyasi ni fupi kiasi cha kumwonyesha panya, na bado ni ndefu kiasi cha kumlisha panya huyo. Karani tamba, yule ndege mrefu mwenye kishungi anayewinda nyoka na panzi kwa kutembea, anahitaji uwanda mpana zaidi, kama zile mbuga za Wembere. Tunapolima kila kipande mpaka ukingoni, tunaiondoa meza yao ya chakula na hatupati magunia mengi kwa kufanya hivyo.

Jirani zetu wa Shinyanga wametuonyesha kwamba inawezekana kuacha nyasi na miti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudisha watu kwenye ngitili, yaani maeneo ya nyasi na miti yanayofungwa msimu wa mvua ili mifugo ipate malisho wakati wa kiangazi. Ulilenga ng'ombe, kuni na udongo. Lakini mahali penye nyasi zilizopumzika na miti iliyosimama, ndege mwindaji naye hupata pa kukaa.

Sasa nije kwenye sumu, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Panya shamba, Mastomys natalensis, si mnyama wa kudharau. Jike lake huweza kuwa na chuchu hadi 24 na kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo. Watafiti wamekadiria kwamba panya huharibu asilimia 5 hadi 15 ya mahindi ya Tanzania kwa mwaka. Mkulima anayechukua sumu ana sababu. Tatizo ni aina ya sumu. Zile zinazozuia damu kuganda, kama bromadiolone, humwua panya baada ya siku kadhaa, na katika siku hizo hutoka mchana akiyumba, windo rahisi kuliko lolote. Bundi akimla, sumu hubaki katika ini lake. Akila wa pili na wa tatu, hulimbikizana. Anayekufa hapo ni yuleyule aliyekuwa akimpunguza panya bila kulipwa.

Ukitaka kujua kazi yake, chunguza chini ya mahali bundi anapolala mchana. Utakuta vidonge vyeusi vya matapishi, vyenye urefu wa kidole gumba hivi. Kiloweshe kimoja na kukipasua kwa kijiti: ndani kuna manyoya ya panya, taya zenye meno ya rangi ya chungwa, na mara nyingi mafuvu mawili au matatu yaliyo mazima. Mwalimu wa sayansi hana haja ya kitabu hapo.

Nisiseme zaidi ya ukweli. Jaribio lililofanywa kwenye mashamba ya mahindi Morogoro lilionyesha kwamba panya waliozungushiwa uzio na kufunikwa wavu dhidi ya wawindaji waliongezeka haraka na kufikia idadi kubwa zaidi. Kwenye mashamba ya wazi athari hiyo haikuonekana wazi, kwa kuwa panya waliendelea kuhama kutoka mashamba ya jirani. Bundi peke yake hamalizi panya. Kinachosaidia ni kijiji kizima kufyeka mapori yanayogusa maghala, kutega mitego kwa pamoja kabla ya kupanda, na kumwacha bundi aendelee na zamu yake ya usiku.

Kwelea kwelea ni shauri gumu zaidi. Singida inalima mtama na uwele, nafaka ambazo kwelea anazipenda mno. Kwelea mmoja huweza kula gramu 10 kwa siku. Kundi la milioni moja ni tani 10. Serikali hunyunyiza sumu ya fenthion kwenye malalo yao, na mimi siwezi kumwambia mkulima asiombe ndege ya kunyunyizia ije. Lakini asubuhi inayofuata, chini ya migunga, kwelea hulala wakipapatika, na tai, kozi na bundi hushuka kula. Ndege wawindaji waliokufa kwa njia hiyo wamekutwa katika nchi kadhaa za Afrika. Kondoa, jirani zetu wa mkoa wa Dodoma, wana ujuzi wa zamani wa kuwanasa kwelea kwa mitego ya vikapu na kuwafanya kitoweo, bila tone la sumu. Kwa kundi dogo, hiyo ndiyo njia ya kuanza nayo.

Kisha kuna kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida ni fedha ya ada na matibabu, na mwewe akibeba kifaranga, hasira ya mama mwenye nyumba ni halali. Dawa yake tunayo tangu zamani: tenga. Vifaranga wakae chini ya tenga au kwenye banda la wavu kwa wiki tano au sita za mwanzo, karibu na nyumba, na hasara itashuka bila kuua ndege yeyote. Kuhusu bundi kuitwa ndege wa uchuro, nasema wazi kwamba halii ili mgonjwa afe. Analia kwa kuwa ana mwenzi na eneo la kulinda.

Tai mkubwa hutaga yai moja, na miaka mingine hatagi. Tai aitwaye pungu huchukua karibu miaka saba kufikia utu uzima. Kwa hiyo kuua jozi moja ni kufuta kazi ya muongo mzima. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inawalinda, lakini hakuna askari atakayesimama chini ya kila mbuyu.

Basi, ndugu mkulima, ukijua mti wenye tago la tai shambani kwako, usiuze mkaa wake. Usitie sumu katika mzoga wa ng'ombe kwa kumlenga fisi, maana tumbusi watafika kabla yake. Na ninyi maofisa kilimo wa halmashauri: kabla ya kunyunyiza, kagueni miti ya karibu kama ina matago; baada ya kunyunyiza, rudini alfajiri na vijana wenye glavu, kwelea wote wakusanywe na kufukiwa kwa kina, na wananchi waambiwe wasiwale.