Ugonjwa wa Ulaji: Pesa Ikiwa Kidogo, Lipia Nini Kwanza?

Binti anakwepa kula na wenzake, anavaa sweta jua likiwaka, na kila baada ya mlo anajifungia chooni. Nyumbani wanasema ni maringo au minyoo, na shilingi ya kwanza inaishia kwenye sirapu ya kuongeza hamu ya kula. Usiinunue. Ugonjwa wa ulaji ni ugonjwa wa akili unaoumiza mwili, na huwapata wavulana pia.

Lipia vipimo kwanza. Anayejitapisha au kutumia dawa za kuharisha hupoteza potasiamu, na ikishuka sana moyo unaweza kusimama. Kipimo cha damu, presha na kipimo cha moyo ndipo pasipofaa kubana pesa. Chukua nakala ya majibu, la sivyo huenda kila kliniki ikampima upya kwa gharama yako. Akizirai au kifua kikimuuma, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Hospitali ya umma ndiyo nafuu zaidi kwa kila ziara. Jijini Nairobi, Kenyatta na Mathari zina kliniki za afya ya akili. Ila piga hesabu yote: faili, nauli ya watu wawili, foleni inayokula kibarua cha siku nzima, na pengine daktari mpya kila mkienda.

Mshauri wa kibinafsi hukupa saa nzima na uso uleule, lakini usiangalie bei ya kikao kimoja. Tiba ya mazungumzo kwa ugonjwa huu mara nyingi hufika vikao 20, na aliyekonda sana huhitaji zaidi. Ukitozwa shilingi 3,000 kwa kikao, hiyo ni 60,000. Kabla ya kulipa, uliza: amesajiliwa na bodi ya washauri nasaha na wanasaikolojia iliyoundwa kwa sheria ya Kenya ya 2014? Amewahi kutibu ugonjwa wa ulaji? Ukikosa kikao unatozwa? Kuna punguzo kwa asiye na uwezo? Akikataa kujibu, ondoka na pesa zako.

Ushauri kwa simu huokoa nauli, na humfaa aliye mbali na mji. Lakini simu haipimi uzito wala presha, kwa hiyo bado utahitaji kituo cha afya kilicho karibu. Usinunue kifurushi cha miezi kabla ya kujaribu kikao kimoja.

Kwa mtu mzima anayekula kupita kiasi kwa siri au kujitapisha, ipo njia ya bei ya chini. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa 2017 unashauri kuanza na kitabu cha kujisaidia chini ya usimamizi: vikao 4 hadi 9 vya dakika 20 kwa wiki 16. Muulize mshauri kama anaweza kuifuata. Kwa aliyekonda kwa kujinyima chakula, njia hiyo haitoshi.

Kijana aliye nyumbani hufaidika zaidi na tiba ya familia, ambapo wazazi husimamia kila mlo kwa muda. Hugharimu pesa kidogo kuliko kulazwa, lakini gharama yake kubwa ni muda wako: lazima mtu awepo mezani asubuhi, mchana na jioni.

Mtaalamu wa lishe ni wa kuongezea, si wa kutegemea peke yake. Vivyo hivyo vidonge.

Kuhusu bima, kujisajili SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, ni bure, na mchango wa mwezi huanzia shilingi 300. Kwa bima ya kampuni, soma kikomo cha tiba ya akili kabla ya kulazwa.

Huna hata nauli? Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure.

Uamuzi wetu: vipimo wiki hii, kliniki ya umma kwa ufuatiliaji, na akiba inayobaki iende kwa mshauri mmoja aliyesajiliwa. Usingoje akonde zaidi. Akilazwa, gharama inaweza kupita ya vikao vyote hivyo.