Ruta ndogo ni nafuu, lakini ina mipaka yake

MOMBO, wilayani Korogwe, ni njia panda. Wanaotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita hapo, na wanaokwenda Lushoto huacha barabara kuu na kuanza kupanda milima ya Usambara. Katika mji wa namna hiyo nyumba moja inaweza kuwa duka mbele, familia katikati na vyumba vya wageni uani.

Mwenye nyumba kama hiyo akitaka kugawa intaneti, hushawishika na ruta ndogo isiyotumia waya. Mfano ni TL-WR802N ya TP-Link, ambayo kila upande haufiki sentimita sita. Inatumia umeme kama wa chaja ya simu, hivyo hata umeme ukikatika inaweza kuendeshwa kwa pawabenki. Kwa msafiri ni kifaa kizuri sana. Taabu huanza inapobebeshwa nyumba nzima.

Ina tundu moja tu la waya. Waya unaoleta intaneti ukishachomekwa hapo, kompyuta ya dukani haina pa kuchomeka. Wala haina sehemu ya kuweka laini ya simu, kwa hiyo anayetegemea kifurushi bado atahitaji chombo kingine cha kumletea intaneti.

Halafu kuna suala la kasi. Boksi linataja megabiti 300 kwa sekunde, lakini hiyo ni hesabu ya hewani tu, na tundu lile la waya mwisho wake ni 100. Zaidi ya hapo, kama intaneti inayoingia ni megabiti 10, hakuna ruta itakayozifanya 20. Wote hugawana hizo hizo. Mgeni mmoja akitazama video chumbani, mwenye duka anaweza kukwama akisubiri kuthibitisha malipo ya mteja, na huko nje basi linapiga honi.

Ruta hii hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Hupenya kuta vizuri kuliko yale ya gigahezi 5, lakini ndiyo yanayotumiwa pia na ruta za majirani na hata oveni za maikrowevu. Tofali za saruji huyadhoofisha. Bati huyarudisha yalikotoka.

Wapo wanaoongeza ruta ya pili ya kurudia mawimbi. Yenye redio moja hupokea na kutuma kwa zamu, hivyo kasi hushuka hadi karibu nusu. Afadhali kuvuta waya wa mtandao, ambao hufanya kazi vizuri hadi mita 100. Ruta kubwa yenye matundu manne ikae mbele na kompyuta ya duka ichomekwe hapo. Ile ndogo iwekwe mwisho wa waya, karibu na vyumba vya wageni, ambako haitalemewa.

Waya huuzwa kwa mita, hivyo pima umbali kabla ya kwenda kununua Korogwe au Tanga.