Karanja wawili wa Mau Mau: Mmoja mwema, mwingine msaliti

Ingia kibanda umiza chochote pale Miyuji, Dodoma, siku ya filamu ya vita. Steringi anajulikana, adui anajulikana. Ila anayezomewa kuliko wote ni yule jamaa wa upande wa steringi anayevujisha siri.

Lakini nani anaamua kwamba huyo ndiye msaliti? Vita ya Mau Mau nchini Kenya inaonyesha vizuri.

Mwaka 1955, mapigano yakiwa bado yanaendelea, Waingereza walitoa filamu iitwayo Simba. Yumo Dk. Karanja, daktari Mwafrika aliyeigizwa na Earl Cameron. Wazungu wanamshuku kuwa ni Mau Mau. Kumbe kiongozi wa wapiganaji ni baba yake mzazi, na Karanja anauawa akijaribu kuwazuia. Kwa mtazamaji wa London, huyo ni mtu mwema. Kwa aliyekuwa msituni, ni kibaraka tu.

Mwaka huohuo Ujerumani zilitoka filamu mbili kuhusu maofisa waliotaka kumuua Hitler Julai 20, 1944. Wajerumani wengi walikuwa bado wanawaita wasaliti. Filamu zikawaonyesha kama watu walioipenda nchi yao.

Kenya, kibao kiligeuzwa vitabuni na jukwaani. Mwaka 1967 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya A Grain of Wheat. Humo tena yumo Karanja, safari hii mgambo wa mkoloni. Ila msaliti mkubwa zaidi ni Mugo, ambaye kijiji kizima kinamwona shujaa (samahani kwa ambaye hajaisoma).

Hadithi hizo hazikuwa mchezo. Baadhi ya waliosimama na mkoloni walibaki na ardhi na vyeo baada ya uhuru wa 1963. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mirii waliandaa tamthilia yenye tajiri wa aina hiyo, iliyochezwa na wanakijiji wenyewe. Ikapigwa marufuku baada ya wiki chache. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi.

Mau Mau wenyewe waliendelea kuwa kundi haramu kisheria hadi 2003.

Mwaka 2010 ikatoka The First Grader. Steringi ni mzee Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Mwongozaji wake, Justin Chadwick, ni Mwingereza.