Jua ni la Bure, Gari Si la Bure

Mara nyingi husikika hoja kwamba gari la umeme lenye paneli za jua mwilini mwake litamkomboa mtu wa kipato kidogo: hatanunua petroli, hatalipia umeme, jua litamtosha. Hoja hii ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kada hana budi kuichambua kabla ya kuieneza, kwani nia njema isiyo na hesabu huzaa matumaini ya uongo.

Kwanza, sayansi. Saa sita mchana, pasipo mawingu, kila mita ya mraba inayolielekea jua hupokea karibu wati 1,000. Paneli ya kawaida hugeuza kiasi cha moja ya tano tu kuwa umeme. Tuseme gari dogo limebeba paneli za mita 5 za mraba: litapata kilowati 1. Kwa saa 5 za jua kali litavuna yuniti 5 za umeme. Iwapo linatumia yuniti 15 kwa kilometa 100, mavuno hayo yatalipeleka kilometa 33. Na hiyo ni hesabu ya juu, maana paneli za ubavuni hazilielekei jua, vumbi hupunguza nguvu, na kivulini mavuno hushuka sana. Kilometa hizo si haba kwa mfanyakazi wa mjini. Bali kwa safari ndefu gari halina budi kuchajiwa kwa waya.

Pili, uchumi. Kampuni ya Sono Motors ya Munich, Ujerumani, ilibuni gari la Sion na kutangaza bei ya karibu euro 30,000. Watu zaidi ya 20,000 waliliwekea oda. Hata hivyo, Februari 2023 mradi ulisitishwa kwa kukosa fedha, kabla mnunuzi hata mmoja hajakabidhiwa gari. Mwezi mmoja kabla ya hapo, kampuni ya Lightyear ya Uholanzi ilikuwa imesimamisha utengenezaji wa gari lake la jua lenye bei ya euro 250,000. Fundisho ni dhahiri: wanunuzi walikuwapo, ufundi ulikuwapo, mtaji haukupatikana. Jua halina mwenyewe. Kiwanda na betri vina wenyewe.

Tatu, matumizi. Nchini Uganda, Kiira Motors, shirika la serikali lililochipuka Chuo Kikuu cha Makerere, lilizindua Februari 2016 basi la majaribio, Kayoola Solar, lenye viti 35 na paneli juu ya paa. Basi ni zito, na paa lake haliwezi kulilisha peke yake. Mabasi ya Kayoola EVS yaliyofuata huchajiwa kwa waya. Lakini gharama ya betri ya basi hugawanywa kwa abiria wengi, ambapo ile ya gari dogo humwelemea mtu mmoja. Aidha, paneli hailazimiki kusafiri. Ikifungwa juu ya paa la karakana, ikaelekezwa jua sawasawa, huvuna zaidi kuliko ikiwa juu ya gari linalozunguka vivulini.

Kwa hiyo, swali si kama jua linaweza kuendesha gari. Linaweza, kwa kipimo chake. Swali la msingi ni hili: nani atagharimia chombo cha kulivuna, na chombo hicho kitabeba wangapi?